Gofu na Hame: Vitu vya Kale Katika Ukarabati wa Makazi, Kutoka Mombasa Hadi Kipsing

1. Utangulizi

Ukarabati wa nyumba kongwe huanza kama kazi ya fundi na mara nyingi huishia mikononi mwa mwanahistoria. Fundi hubandua lipu iliyopasuka ili apake nyingine, akakuta mchoro. Huchimba shimo la nguzo, akatoa kigae cha kauri chenye rangi isiyojulikana katika soko la leo. Huondoa boriti iliyooza, akaona kwamba ukuta anaoutengeneza umejengwa juu ya ukuta mwingine wa kale zaidi. Hapo mwenye nyumba hukabiliwa na maswali matatu: kitu hiki ni cha nani, kinasema nini, na kifanyweje?

Makala haya yanayajadili maswali hayo kwa kulinganisha aina mbili za makazi nchini Kenya na Zanzibar. Aina ya kwanza ni majengo ya mawe ya pwani. Aina ya pili ni makazi ya wafugaji wa Kipsing, katika wadi ya Oldonyiro, magharibi mwa mji wa Isiolo. Wengi watauliza: Kipsing kuna nyumba gani kongwe ya kukarabatiwa? Swali hilo ndilo kiini cha mjadala. Makala yanashikilia kwamba jinsi tunavyoielewa "nyumba kongwe" huamua kile tutakachokiona ardhini na kile tutakachokizika kwa saruji bila kujua.

2. Maneno mawili ya Kiswahili

Kiswahili kina hazina ya maneno yanayohusu makazi yaliyoachwa. Mawili kati yake yanatosha kuujenga mjadala huu. Neno la kwanza ni gofu, yaani jengo lililochakaa na kubakia kuta tu. Gofu linaonekana. Mpita njia hulitambua kwa macho hata kama hajui historia yake. Magofu ya Gede, ambayo James Kirkman alianza kuyafukua mwaka 1948, ni mfano unaojulikana na kila mwanafunzi wa shule ya msingi nchini Kenya.

Neno la pili ni hame, ambalo wingi wake ni mahame. Linatokana na kitenzi hama. Hame ni mahali palipokaliwa na watu, kisha wakahama. Hame halilazimiki kuwa na ukuta. Linaweza kuwa uwanja mtupu wenye majivu, mawe matatu ya meko na nyasi zilizoota kwa namna tofauti na zile za kando yake. Anayelijua hame ni yule aliyewahi kuishi hapo, au aliyesimuliwa na wazee wake.

Tofauti ya maneno haya ni zaidi ya tofauti ya maana. Ni tofauti ya kumbukumbu. Gofu hujikumbusha lenyewe kwa kusimama. Hame hukumbukwa na watu, na watu wakisahau, nalo limekwisha. Sera, bajeti na vitabu vya utalii vimeelekea zaidi kwenye gofu. Hame limeachiwa bahati.

3. Fort Jesus: gereza lililogeuzwa makumbusho

Mfano ulio wazi zaidi wa ukarabati uliozaa ugunduzi nchini Kenya ni Fort Jesus mjini Mombasa. Ngome hiyo ilianza kujengwa na Wareno mwaka 1593 kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati. Ilizingirwa na Waomani kuanzia mwaka 1696 na ikaanguka mikononi mwao Desemba 1698. Kuanzia mwaka 1895 hadi 1958 Waingereza waliitumia kama gereza.

Mwaka 1958 wakfu wa Calouste Gulbenkian ulitoa fedha za kuikarabati. Kazi ya kwanza ilikuwa kubomoa vijumba vya gereza vilivyojazana uani. Lau kazi hiyo ingekabidhiwa mkandarasi wa kawaida, kifusi kingepakiwa na kutupwa, na uwanja ungesawazishwa kwa wiki chache. Badala yake ilisimamiwa na Kirkman, aliyefukua tabaka baada ya tabaka. Misingi ya majengo ya Wareno ilijitokeza, pamoja na vigae vya kauri vya Uchina, vya Uajemi na vya Ulaya, vikiwa vimelala katika mpangilio wa nyakati. Makumbusho yalifunguliwa mwaka 1960, na mwaka 2011 ngome ikaingizwa katika orodha ya Turathi za Dunia.

Miongoni mwa mambo anayoonyeshwa mgeni hadi leo ni michoro ya ukutani ya Wareno, iliyochorwa kwa mkaa na ngeu: meli, samaki na sura za watu. Haikuchorwa na wasanii wa kifalme. Ni kazi ya watu wa kawaida waliokaa ngomeni mbali na kwao. Michoro ya namna hii haimo katika barua za magavana. Ingepotea kwa ndoo moja ya chokaa.

Funzo la Fort Jesus ni kwamba ugunduzi haukutokana na thamani ya jengo pekee. Ulitokana na uamuzi uliofanywa kabla ya nyundo ya kwanza, kwamba kinachobomolewa kitasomwa.

4. Nyumba za Lamu: ukuta wenye ndani

Nyumba ya mawe ya Lamu hutufunza jambo jingine. Nyumba hiyo imejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Mgeni huingia kupitia daka, akapita kiwanda, kisha misana, na kadiri anavyozidi kwenda ndani ndivyo anavyokaribia sehemu za faragha za familia. Katika kuta za ndani huwa na vidaka, yaani vijishimo vilivyopangwa kwa safu na kunakshiwa kwa lipu, ambamo sahani na mabakuli ya kauri yalipangwa.

Kwa vizazi vingi kuta hizo zimepakwa chokaa mwaka baada ya mwaka. Kila mpako hulinda na papo hapo huficha. Fundi mwenye subira akibandua tabaka hizo huweza kufichua nakshi ambayo hata babu wa mwenye nyumba hakuiona. Fundi mwenye haraka hugonga kila kitu hadi kwenye jiwe, akaziba kwa saruji. Saruji ina hasara ya pili: haipitishi unyevu kama chokaa, hivyo maji hunaswa ndani ya ukuta wa matumbawe na kuulia humo humo.

Katika miaka ya 1980 mtafiti Linda Donley alizichunguza nyumba za Waswahili katika visiwa vya Lamu. Alieleza kwamba sahani za kauri na shanga hazikuwa pambo tupu. Zilihusishwa na kinga dhidi ya husuda na madhara, na mahali zilipowekwa ndani ya nyumba palikuwa na maana yake. Hoja hiyo ina uzito katika ukarabati. Bakuli likiondolewa kwenye kidaka chake na kuuzwa dukani, kinachouzwa ni udongo uliochomwa. Maana yake imebaki ukutani, na ukuta umeshabomolewa.

Mji Mkongwe wa Lamu ulitangazwa kuwa eneo la kuhifadhiwa mwaka 1986 na kuwa Turathi ya Dunia mwaka 2001. Hata hivyo, tangazo halikai ndani ya kila nyumba. Anayekaa ndani ni mwenye nyumba na fundi wake.

5. Onyo kutoka Zanzibar

Ukarabati nao una hatari zake. Beit al-Ajaib ya Zanzibar ilijengwa mwaka 1883 kwa amri ya Sultani Barghash bin Said. Ilinusurika katika mashambulizi ya Waingereza ya Agosti 27, 1896, ambayo yaliharibu jumba jirani. Baadaye ikawa nyumba ya makumbusho. Mwaka 2012 sehemu yake iliporomoka. Desemba 25, 2020, ikiwa katikati ya kazi ya ukarabati, sehemu kubwa ya mbele iliporomoka na watu wawili wakafa.

Tukio hilo linakumbusha kwamba nyumba kongwe si kabati la vitu vya kale tu. Ni uzito unaoning'inia juu ya vichwa vya mafundi. Kwa hiyo uhifadhi unaoanza kwa kuvitafuta vitu bila kuupima ukuta kwanza ni uhifadhi wa hatari. Maisha ya fundi hutangulia kauri.

6. Kipsing: nyumba inayohama

Sasa mjadala uhamie Kipsing. Wakazi wa eneo hili wengi ni Wasamburu, pamoja na Waturkana. Nchi ni kavu, yenye vilima vya mawe, migunga na mito ya msimu ambayo huwa mchanga mtupu kwa sehemu kubwa ya mwaka. Ufugaji wa ng'ombe, mbuzi, kondoo na ngamia ndio uti wa mgongo wa maisha.

Nyumba ya Kisamburu, nkaji, hujengwa na mwanamke aliyeolewa, na ni yake. Hufunga fito, akaziinamisha, kisha akaziziba kwa samadi na udongo, au akazifunika kwa ngozi na mikeka. Siku hizi vipande vya nailoni na maboksi hutumika pia. Nyumba kadhaa pamoja na mazizi, zikizungukwa na ua wa miiba, hufanya nkang', yaani boma. Kiswahili cha kila siku nchini Kenya huliita boma hilo manyata. Hata hivyo, katika lugha ya Kimaa neno hilo lilihusu hasa kijiji cha wapiganaji vijana. Hapa pana mfano wa jinsi neno la mkopo linavyoweza kufuta tofauti ambazo wenyewe huzijali.

Malisho yakiisha, familia huhama. Fito nzuri, ngozi na vyombo hupakiwa juu ya punda, na nyumba hujengwa upya mahali pengine. Ukarabati wa nkaji, kwa hiyo, si tukio la mara moja katika karne. Ni sehemu ya maisha ya nyumba yenyewe. Ufito wa mama huweza kuingia katika nyumba ya binti. Kibuyu cha maziwa husafiri kutoka boma hadi boma. Swali la "nyumba hii ina miaka mingapi" halina jibu moja, kwa sababu mbao zake, ufundi wake na mahali pake vina umri tofauti.

Ni kosa, basi, kusema kwamba Kipsing hapana nyumba za kale. Zipo, ila zimegawanyika. Sehemu moja imo mikononi mwa wanawake wajenzi. Sehemu nyingine imebaki ardhini, katika mahame.

7. Hame linavyosomwa

Je, uwanja mtupu unaweza kusema nini? Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la Nature ulichunguza mahame ya wafugaji wa kale katika kaunti ya Narok, yenye umri wa kati ya miaka 1,500 na 3,700 hivi. Watafiti walikuta kwamba samadi iliyolundikana mazizini iliurutubisha udongo kwa madini kama fosforasi na kalsiamu, na kwamba urutubishaji huo haukufutika kwa maelfu ya miaka. Nyasi nzuri ziliota hapo, wanyama pori wakazifuata. Yaani wafugaji walihama, lakini nchi iliendelea kuwakumbuka.

Utafiti huo haukufanywa Kipsing, wala haufai kutumiwa kudai kwamba kila uwanda wa nyasi huko ni boma la kale. Hata hivyo, unaonyesha kanuni inayofaa popote pa ufugaji: zizi ni jalada. Majivu ya meko yana vipande vya mkaa vinavyoweza kupimwa umri. Mifupa huonyesha mifugo waliofugwa na kuliwa. Shanga huonyesha njia za biashara.

Shanga inastahili mfano wake. Katika karne ya 19 shanga za kioo kutoka Venice na Bohemia zilishushwa katika bandari za Afrika Mashariki, zikabebwa bara na misafara iliyotafuta pembe za ndovu. Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara mashuhuri wa pwani, alikuwa katika msafara wa Teleki na von Höhnel ulioanza safari yake mwaka 1887 na kufika Ziwa Turkana Machi 1888. Lugha ya misafara hiyo ilikuwa Kiswahili. Shanga na neno, kwa hiyo, vilisafiri pamoja.

Tuseme fundi anayechimba msingi wa nyumba ya mabati anaokota shanga ya zamani. Akiitia mfukoni, ni shanga moja nzuri. Akieleza kwamba ilikuwa kina cha mkono mmoja, ndani ya majivu, kando ya mawe matatu yaliyoungua, basi shanga hiyo imekuwa ushahidi: mkaa utatoa umri wa meko, meko yataonyesha mahali pa nyumba, na nyumba itaunganishwa na biashara ya bahari. Kitu ni kile kile. Kilichoongezeka ni mahali pake.

8. Sheria na mipaka yake

Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 humtaka anayegundua kitu chenye thamani ya kiakiolojia atoe taarifa kwa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya katika muda wa siku saba, akieleza mahali hasa na mazingira ya ugunduzi. Yafaa kutambua kwamba sheria yenyewe inauliza kuhusu mahali, na si kitu peke yake.

Pana jambo la kilugha hapa. Kenya hutumia neno makavazi kwa taasisi ambayo Tanzania huiita makumbusho. Tanzania nayo hulitumia neno kavazi kwa mahali pa kuhifadhi nyaraka, kama ilivyo katika Kavazi la Mwalimu Nyerere jijini Dar es Salaam. Neno makumbusho lina faida moja: limebeba ndani yake tendo la kukumbusha.

Kipsing ina sababu ya pekee ya kuifahamu sheria hii. Mradi wa LAPSSET, uliozinduliwa Lamu Machi 2, 2012, uliweka katika mipango yake miji ya kitalii Lamu, Isiolo na Turkana. Mji wa Isiolo ulipangiwa eneo la Kipsing Gap. Hivyo ramani moja iliunganisha mji wa magofu na nchi ya mahame. Lamu iliingia katika mipango hiyo ikiwa na orodha ya majengo yake na hadhi ya Turathi ya Dunia mkononi. Mahame ya wafugaji hayana hadhi ya namna hiyo. Na hata pasipo mji wa kitalii, shule, zahanati, barabara na nyumba za kudumu zinahitaji misingi, na misingi huchimbwa mahali ambapo wengine walikwisha kupachagua kwa sababu zile zile: maji, kivuli na usalama.

9. Pingamizi

Pingamizi la kwanza ni la umaskini. Familia inayojenga chumba cha mawe kwa mara ya kwanza haiwezi kusimamisha kazi kwa ajili ya mkaa na kigae. Pingamizi hili ni la haki. Jibu lake ni kwamba kuandika hakusimamishi kazi kwa mwezi. Picha, kipimo cha kina na mchoro wa mahali huchukua saa moja.

Pingamizi la pili ni hofu. Mwenye kiwanja huogopa kwamba akitoa taarifa, serikali itamnyang'anya. Katika nchi ambamo ardhi nyingi ni ya jamii, na historia ya wafugaji kupoteza malisho ni ndefu, hofu hiyo haiwezi kupuuzwa kwa hotuba. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inatoa njia ya jamii kusajili ardhi yake. Panapokuwa na usajili, hame linaweza kuwa ushahidi unaoitetea jamii: kwamba nchi inayoitwa tupu haikuwa tupu. Hapa ndipo uzito wa suala zima ulipo. Anayelifuta hame bila kuliandika anaweza kuwa anafuta hoja ya wajukuu wake mbele ya baraza.

Pingamizi la tatu ni la heshima. Si kila kilichomo ardhini kinapaswa kufukuliwa. Kaburi ni kaburi, na wazee ndio wenye neno la kwanza. Uhifadhi mwema hujua pia kuacha.

10. Mwongozo kwa fundi na mwenye nyumba

Kutokana na mjadala uliotangulia, hatua zifuatazo zinapendekezwa:

(a) Kabla ya kuchimba au kubomoa, waulizwe wazee, na hasa wanawake wajenzi, ni nani waliowahi kukaa hapo.
(b) Ukuta upimwe uimara wake kabla ya kuguswa.
(c) Kitu kikionekana, kazi isimame mahali hapo tu. Sehemu nyingine ziendelee.
(d) Kisioshwe wala kusuguliwa. Udongo uliokishika ni sehemu ya ushahidi.
(e) Kipigwe picha kikiwa bado mahali pake, pamoja na kitu cha kulinganisha ukubwa, kisha kina na umbali viandikwe.
(f) Taarifa itolewe ndani ya siku saba, na nakala ibaki kwa jamii.
(g) Yakionekana mabaki ya binadamu, kila kitu kiachwe na wazee pamoja na mamlaka waitwe.

11. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba vitu vya kale havigunduliwi na bahati peke yake. Hugunduliwa na mtu aliyekwisha kukubali kwamba mahali anapofanyia kazi pana historia. Mombasa ilikubali hivyo mwaka 1958, na ngome iliyokuwa gereza ikawa shule. Lamu inakubali, ingawa kila ndoo ya saruji huijaribu. Kipsing bado inahesabiwa na wapangaji wengi kuwa nchi isiyo na majengo, na kwa hiyo isiyo na la kuhifadhi.

Wanafunzi wa Kiswahili wana nafasi yao katika kazi hii. Msamiati wa uhifadhi ukibaki katika lugha za wataalamu, fundi wa Oldonyiro hataupata. Maneno tunayo: gofu, hame, ganjo, meko, kigae, tabaka. Kinachotakiwa ni kuyatumia katika mabaraza, redioni na madarasani, na kuyaweka kando ya maneno ya Kisamburu na Kiturkana bila kuyafunika. Mwanamke aliyeihamisha nkaji yake mara nyingi anajua ramani ya mahame ambayo haijachorwa popote. Kila msimu unaopita bila kuulizwa, ramani hiyo hupungua.

Maswali ya mjadala

1. Tofautisha gofu, hame na ganjo kwa kutoa mifano kutoka eneo unalotoka.
2. "Kitu cha kale bila mahali pake ni pambo." Jadili.
3. Je, sheria inayomtaka mgunduzi atoe taarifa inamfaa vipi mfugaji asiye na hati ya ardhi?
4. Eleza faida na hasara za kutumia neno manyata kwa makazi yote ya wafugaji.